Wembley, 1992: Jinsi ya Kumkumbuka Aliyetangulia

(Hotuba iliyosomwa bwaloni wakati wa chakula cha jioni cha mkutano wa wanafunzi wa zamani. Tunaichapa kama ilivyotolewa, isipokuwa salamu chache tulizozifupisha. – Mhariri)



Kamati iliponiandikia ilinitaka niseme maneno machache juu ya kuwakumbuka wenzetu, kwa kuwa kesho asubuhi, baada ya kupanda miti, yatasomwa majina ya waliotangulia mbele ya haki. Mimi si padri wala si shehe, na wanaojua kusema makaburini wapo wengi kunipita. Ninachokijua kidogo ni muziki. Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya Mwenyekiti nizungumzie tamasha moja la muziki wa roki lililofanyika London siku ya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 1992, ambalo watatu kati yetu tuliosoma shule hii tulilihudhuria pamoja. Najua wapo wazee humu ambao kwao roki ni kelele za magitaa tu. Nawaomba wanivumilie, kwani mwisho wa maneno yangu nitawarudisha hapa hapa shuleni.

Tamasha lile lilikuwa la kumkumbuka Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Vijana wengi wanazijua nyimbo zake, lakini si wote wanaojua alikotoka. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, na baba yake alikuwa mshika fedha katika serikali ya kikoloni. Alipofikia umri wa miaka minane hivi alipelekwa India, kwenye shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani. Huko ndiko wanafunzi wenzake walikoanza kumwita Freddie, na huko ndiko yeye na wavulana wengine wanne walikoanzisha bendi ya shule iliyoitwa The Hectics, yeye akipiga piano. Alirudi Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ilihamia Uingereza, ikakaa Feltham, pembezoni mwa London.

Habari hizi nimezitanguliza kwa makusudi. Jina ambalo dunia nzima inamwita mtu yule, alipewa na watoto wa bweni. Hapana haja ya kuwaeleza ninyi nguvu ya jina la bweni. Wapo watu wazima humu, wenye vyeo na wajukuu, ambao wakishavuka lile geti hakuna anayewaita kwa jina lililo kwenye pasi zao.

Mimi nyimbo za Queen nilizisikia mara ya kwanza hapa, katika bweni la tatu, kati ya mwaka 1979 na 1981, tulipokuwa kidato cha tano na cha sita. Nyote mliokuwapo mnaikumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera: sabuni kwa mgawo, sukari kwa bahati, na betri za redio tukizianika juani ili zipate uhai wa siku moja zaidi. Redio Tanzania ilitupigia zaidi bendi zetu wenyewe, na tulizipenda. Lakini mwenzetu mmoja wa bweni alikuwa na kanda moja ya Queen aliyoletewa na mjomba wake baharia. Sitamtaja jina, wa darasa letu mnamjua, na nyinyi wengine nitamwita rafiki yetu. Kanda ile aliihifadhi ndani ya soksi. Aliweza kukueleza kila gitaa linapoingia na kila sauti inapopanda. Kulikuwa na wimbo wao wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, unaochukua karibu dakika sita na hauna kiitikio. Sisi tulidai kwamba wimbo usio na kiitikio haujamalizika kutungwa. Yeye alitujibu kwa saa nzima, na taa zilipozimwa aliendelea kutujibu gizani mpaka kiranja akaja.

Mwaka 1992 tulikutana watatu Uingereza. Mimi nilikuwa kwenye mafunzo ya mwaka mmoja. Rafiki yetu alikuwa akisomea uhandisi London. Wa tatu alikuwa muuguzi katika hospitali moja mashariki ya mji ule, na yupo nasi hapa leo, meza ile karibu na dirisha.

Freddie Mercury alikuwa amekwisha kufa. Tarehe 23 Novemba 1991 ilitolewa taarifa yake kwamba ana ugonjwa wa UKIMWI, na kesho yake jioni akafariki nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka 45. Wenzake watatu wa bendi, Brian May mpiga gitaa, Roger Taylor mpiga ngoma na John Deacon wa gitaa la besi, waliamua kumfanyia tamasha katika uwanja wa Wembley, na kwamba mapato yatumike kupambana na ugonjwa uliomwua. Kutokana na jambo hilo ulizaliwa mfuko unaoitwa Mercury Phoenix Trust, ambao tangu hapo umesaidia kazi za UKIMWI katika nchi nyingi, za Afrika zikiwamo.

Tiketi zaidi ya 70,000 zilimalizika kwa muda wa saa chache, kabla hata majina ya waimbaji hayajatangazwa. Rafiki yetu alikuwa miongoni mwa waliozinunua bila ya kujua nani atapanda jukwaani. Tulipomuuliza kwa nini anatumia fedha ya chakula kununua kitu asichokijua, alisema mtu haulizi orodha ya wasomaji kabla ya kwenda hitima.

Siku yenyewe tulishuka kituo cha Wembley Park, tukafuata ile njia pana iendayo uwanjani, minara miwili myeupe ikiwa mbele yetu. Minara ile haipo tena. Ilibomolewa mwaka 2003. Tulikuwa na chapati tulizozipika usiku. Mlangoni mlinzi alizikagua moja moja kama nyaraka za siri. Humo ndani waligawa utepe mwekundu, ule uliobuniwa na wasanii wa New York mwaka 1991 kuwa alama ya UKIMWI. Siku ile ndipo Waingereza wengi walipoujua. Nasi tuliubandika vifuani.

Sehemu ya kwanza zilipiga bendi mbalimbali, zikianza na Metallica, zikafuata Extreme, Def Leppard, Guns N' Roses na nyinginezo. U2 walionekana kwa satelaiti kutoka Marekani, na bendi ya Mango Groove kutoka Johannesburg, jambo lililotufanya sisi watatu tupige kelele kuliko watu wote waliotuzunguka. Matangazo yalipelekwa katika nchi zipatazo 76. Nyumbani Bara wakati huo hatukuwa na televisheni. Unguja walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara tuliipata mwaka 1994.

Sehemu ya pili ndiyo iliyotupeleka. May, Taylor na Deacon walipanda wenyewe, na nafasi ya mwimbaji ikawa wazi. Kila baada ya muda alikuja mtu mwingine kuisimamia: Robert Plant, Roger Daltrey, Seal, Lisa Stansfield, Annie Lennox pamoja na David Bowie, George Michael, Elton John, Axl Rose, na wengineo. Yafaa vijana mnisikilize hapa. Hakuna hata mmoja aliyejaribu kuwa Freddie. Hakuna aliyebandika masharubu ya bandia wala kuiga mwendo wake. Lisa Stansfield aliingia akisukuma mashine ya kufyonza vumbi, kwa kukumbusha filamu ya wimbo mmoja wa mwaka 1984 ambamo wanabendi walivaa nguo za kike na kufanya kazi za nyumbani, na uwanja mzima ulicheka. David Bowie alipiga goti akasali Baba Yetu, na watu zaidi ya 70,000 wakanyamaza. Paul Young alipoimba Radio Ga Ga, mikono yote ilipanda na kupiga makofi kwa pamoja, mara mbili mbili, kama alivyowazoeza marehemu mwenyewe. George Michael aliimba Somebody to Love kwa sauti yake mwenyewe, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba ndiyo iliyokuwa nzuri kupita zote za usiku ule. Mwaka uliofuata wimbo huo uliwekwa kwenye santuri iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza, na mapato yakaenda kwenye mfuko.

Kisha ukapigwa ule wimbo usio na kiitikio. Elton John aliimba mwanzo wake. Ilipofika sehemu ya katikati, ile yenye sauti nyingi mfano wa opera, hakuimba mtu. Iliachiwa kanda, kama Queen walivyokuwa wakifanya jukwaani siku zote, kwa kuwa watu wanne hawawezi kuzitoa sauti zile zote kwa mara moja. Kwa hiyo kwa dakika moja hivi tulimsikia marehemu. Halafu magitaa yakaingia, na Axl Rose akatokea mbio kuendelea na sehemu iliyobaki. Rafiki yetu alinishika bega, akasema, “Umeona sasa? Kila mtu na kipande chake.” Ubishi wa bweni la tatu ulimalizika hapo, miaka kumi na moja baada ya kuanza.

Mwishoni Liza Minnelli aliongoza waimbaji wote na uwanja mzima kuimba We Are the Champions, na tukatoka.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya nichague habari hii. Katikati ya tamasha lile alisimama Elizabeth Taylor, yule mcheza filamu mashuhuri. Hakuimba. Alisema juu ya UKIMWI, waziwazi, jinsi unavyoambukizwa na jinsi ya kujikinga, akiwahimiza vijana wayalinde maisha yao. Wapo wachache waliopiga kelele wakitaka muziki. Yeye hakuondoka mpaka alipokwisha. Alitumia dakika chache tu. Tamasha zima lilichukua zaidi ya saa tatu. Ugonjwa ulitajwa, ukapewa haki yake, na muda wote uliosalia ulikuwa wa mtu mwenyewe: nyimbo zake, mzaha wake, mbwembwe zake.

Fananisheni na hali ya kwetu wakati ule. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa umetoa taarifa za wagonjwa. Lakini neno lenyewe lilikwepwa. Kagera watu walisema “Juliana”, jina la kitambaa cha shati kilichokuja na biashara ya mpakani. Uganda walisema “slim”. Vijana wa mjini walichukua herufi za Kiingereza za ugonjwa huo, AIDS, wakazifanyia maneno: Acha Iniue, Dogedoge Siachi. Msibani ilisemwa homa, au kifua, au mkono wa mtu. Na kwa kuwa jina halikutajwa, watu waliogopa kumtaja hata marehemu. Aliyekuwa mfungaji wetu bora, aliyekuwa hodari wa hesabu, aliyekuwa akituchekesha mpaka tunamwaga uji, wote hao waligeuka watu ambao ukianza kuwataja mwenzako anaangalia saa.

Si kwamba Afrika haikuwa na mashujaa. Mwaka 1987 Franco Luambo wa TP OK Jazz alitoa wimbo wa kuonya juu ya ugonjwa huu. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani kwamba anaumwa UKIMWI. Alizunguka mashuleni na makanisani kwao akiwaambia watu wamtazame wajifunze, mpaka alipofariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Huyo alitangulia Wembley kwa zaidi ya miaka miwili, na hakuwa na uwanja wala satelaiti.

Usiku ule tulirudi kwa treni tukiwa tumesimama, kwa jinsi ilivyojaa. Rafiki yetu, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kunyamaza, alinyamaza vituo kadhaa. Kisha alisema, kwa Kiswahili, katikati ya Waingereza wale wote: “Mtoto wa Unguja, mtoto wa bweni, ugonjwa wake umetajwa mbele ya watu elfu sabini na hakuna aliyekimbia. Mimi nikifa, msije mkanisingizia mafua.” Tulicheka. Mwenzetu muuguzi, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa namna hiyo kila wiki, hakucheka sana.

Ndugu zangu, rafiki yetu alirudi nyumbani mwaka 1994, akafanya kazi ya barabara, na barabara zake mnazipita mpaka leo. Alianza kuumwa mwaka uliofuata. Alifariki mwaka 1996. Mwaka huo huo, mwezi Julai, katika mkutano wa wataalamu huko Vancouver, Kanada, ilitangazwa kwamba dawa kadhaa zikitumiwa kwa pamoja zinaweza kukizuia kirusi. Lakini dawa hizo zilikuwa ghali, na hapa nchini zilianza kutolewa bure kwa wananchi mwaka 2004. Miaka minane. Kila ninapomkumbuka huihesabu miaka hiyo.

Msibani kwake ilisemwa homa ya mapafu. Ndivyo wazee wake walivyotaka, na kwa wakati ule hakuna aliyekuwa na haki ya kuwapinga wenye msiba. Kutaja ugonjwa ni haki ya mgonjwa na watu wake; Freddie Mercury mwenyewe alisubiri mpaka siku ya mwisho, na wapo waliomlaumu, lakini mimi si mmoja wao. Ninayasema haya leo kwa kuwa shemeji yetu na watoto wake, ambao sasa ni watu wazima, ndio walioniomba niyaseme. Walitaka yasemwe hapa, kwa sababu hapa ndipo alipokuwa na furaha kubwa.

Basi nina maombi mawili, kisha nitawaacha mle.

La kwanza ni kwenu vijana. Ninyi mmezaliwa wakati dawa zipo, na kwa hiyo mmoja wenu anaweza kudhani kwamba ugonjwa huu ni hadithi ya wazee. Si hadithi. Jikingeni, na mpime. Ukikutwa nao, anza dawa wala usizikatize. Anayezitumia ipasavyo, mpaka virusi vikafubaa visionekane kwenye kipimo, anaishi, anafanya kazi, anaoa, anazaa, wala hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Wapo wa rika letu walioanza dawa mara tu zilipofika. Leo wamekaa humu wanakula pilau, na baadhi yao wamekwisha kuongeza sahani. Kilichowatenga na rafiki yetu si tabia wala akili wala sala. Ni tarehe tu.

La pili ni kwetu wazee. Kesho yatakaposomwa majina, tusisimame kimya tukitazama viatu, halafu tukimbilie chai. Naiomba Kamati iruhusu baada ya kila jina mtu mmoja aliyemjua marehemu aseme jambo moja alilolifanya akiwa hai: bao alilofunga, wimbo aliouimba, mwalimu aliyemwiga, deni alilomlipia mwenzake. Sabuu ya kifo si lazima itajwe, maana hiyo ni amana ya familia. Lakini mtu asifichwe kwa sababu ya kifo chake. Tukifanya hivyo, kila mtu atakuwa na kipande chake, kama wale waimbaji wa Wembley, na pale ambapo hakuna mmoja wetu anayeweza, tumwachie marehemu mwenyewe.

Kwa ajili hiyo nimekuja na ile kanda. Shemeji alinikabidhi, nayo bado ilikuwa ndani ya soksi, ingawa soksi si ile ya zamani. Mwalimu Mkuu amekubali iwekwe kwenye kabati la kumbukumbu za shule, pamoja na vikombe vya mpira. Chini yake pataandikwa jina lake kamili, miaka aliyosoma hapa, na mwaka aliofariki. Anayetaka kwenda Unguja ataikuta nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury huko Shangani, iliyofunguliwa mwaka 2019. Anayetaka kumjua rafiki yetu, aulize hapa hapa shuleni.